Jinsi ya kupima msawazo na hatari ya kuanguka kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson

Mgonjwa wa Parkinson anaweza kutembea vizuri mbele yako kliniki, akageuka bila shida, akaketi taratibu, na usiku huohuo akaanguka akienda chooni. Hajakudanganya. Alikuja kwako dawa ikiwa imeshika, ukumbi wako ni mpana na hauna vitu njiani, na kwa kuwa alijua anatazamwa, alielekeza mawazo yake yote miguuni. Usiku hana hata kimoja kati ya hivyo. Dozi ya mwisho alimeza saa nyingi zilizopita, mlango ni mwembamba, taa imezimwa na mkojo unambana.

Kwa hiyo kupata alama tu hakutoshi. Unachotafuta ni hiki: mtu huyu huanguka lini, wapi, na akiwa anafanya nini? Kipimo ambacho hakikusaidii kujibu swali hilo ni cha kujaza fomu tu. Na kuuliza kwenyewe kuna sababu nzito: tafiti zilizofuatilia wagonjwa hawa zinaonyesha kuwa takriban 60 kati ya kila 100 huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na karibu 40 huanguka tena na tena.

Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa wataalamu wa fiziotherapia, wauguzi na matabibu. Ndugu anayemhudumia mgonjwa nyumbani anaweza kufanya sehemu ya maswali na kuweka daftari la kuanguka. Majaribio ya kumvuta au kumwachia mgonjwa ayaache kwa aliyefundishwa.

Kabla hujamgusa mgonjwa

Andaa kiti imara chenye sehemu za kuegemeza mikono, kisicho na magurudumu, urefu wa kama sentimita 45 kutoka sakafuni. Uwe na tepu ya kupimia, utepe wa kunata wa kuweka alama sakafuni, saa ya sekunde (ya simu inatosha), kipimo cha presha, na mkanda mpana wa kumfunga kiunoni ili uwe na pa kumshikia. Mwenzako wa kusaidia akiwepo, vizuri zaidi. Mgonjwa avae viatu anavyovaa kila siku, na kama hutembelea fimbo, aje nayo.

Juu kabisa ya karatasi andika saa aliyomeza dawa mara ya mwisho na saa unayoanza kumpima. Hili wengi hulisahau, na likikosekana, namba zote zinazofuata hazina maana. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ikiwa imeshika, mgonjwa huwa mwepesi, na ikiisha nguvu, huwa mzito na mgumu. Ukimpima leo dawa imeshika na mwezi ujao imeisha, utaandika kuwa hali imezorota kumbe ni saa tu zilizotofautiana. Ukiweza, mpime katika hali zote mbili. Usipoweza, chagua moja na uishikilie kila anaporudi.

Kuna mtego mwingine hapa. Levodopa husaidia sana ule uzito wa mwili na kukakamaa, lakini uwezo wa mwili kujirudisha unapoyumba hauitikii dawa kwa kiasi hicho. Matokeo yake, dawa ikishika mgonjwa hupata mwendo wa kasi bila kupata breki. Wapo wanaoanguka zaidi wakati wanajisikia vizuri, kwa sababu ndipo wanapoinuka, kubeba vitu na kuharakisha. Wengine katika saa hizo hupata miondoko ya kujinyonganyonga wasiyoitaka, nayo huwatupa nje ya mhimili wao. Usidhani kwamba saa za hatari ni zile za dawa kuisha peke yake.

Hatua ya 1: Uliza vizuri

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu kuanguka kulikopita ndiko kunakotabiri kuanguka kunakokuja kuliko kipimo chochote cha saa au tepu. Tatizo ni kwamba mgonjwa akiulizwa "Umewahi kuanguka?" mara nyingi atajibu hapana. Mazungumzo huenda hivi:

"Mzee, katika mwaka huu mmoja uliopita, umeanguka mara ngapi?"

"Mimi? Sijaanguka hata siku moja."

"Na ile ya bafuni, baba yake?" anauliza mkewe.

"Ile niliteleza tu."

"Na ya kabatini?"

"Pale nilikaa chini."

Kwa hiyo eleza kwanza maana yako. Kuanguka ni kujikuta chini, sakafuni au mahali pa chini kuliko ulipokuwa, bila kukusudia, iwe umeumia au la, iwe uliteleza, ulijikwaa au "ulikaa". Kisha uliza na mara alizoponea chupuchupu, yaani alizodaka meza, ukuta au mkono wa mtu. Anayeponea kila siku yuko njiani kuanguka hata kama bado hajagusa sakafu. Kwa idhini yake, muulize na anayeishi naye, maana kumbukumbu ya mgonjwa peke yake haitoshi, hasa kama ugonjwa umeanza kugusa akili.

Kwa kila tukio la kuanguka, pata mambo haya: ilikuwa saa ngapi na alikuwa amemeza dawa lini, alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini hasa (anainuka, anageuka, anafungua mlango, amebeba kitu, anaongea), alianguka upande gani, alipoteza fahamu au aliona giza, na aliweza kuinuka mwenyewe au alilala chini akisubiri msaada.

Majibu yakianza kufanana, umeshapata nusu ya kazi. Anayeanguka kifudifudi huku miguu imebaki nyuma, mara nyingi anaganda (miguu inakataa kusogea ghafla) au hatua zake zinafupika na kukimbizana. Anayeanguka kinyumenyume akivuta mlango au akifikia kitu cha juu, mwili wake hauwahi kupiga hatua ya kujiokoa. Anayelegea na kushuka muda mfupi baada ya kutoka kitandani au baada ya mlo mkubwa, mshuku presha.

Swali la kuganda lina namna yake. Wagonjwa wengi hawajui kwamba wanachokipata kina jina. Husema miguu inanata sakafuni kama imepakwa gundi, kiwiliwili kikiendelea mbele. Simama umwonyeshe: inua visigino, tetemesha magoti, bana hatua pale pale. Hapo mke au mwana atadakia, "Ndiyo, hivyo hivyo!" Uliza kama imemtokea katika mwezi mmoja uliopita, na wapi: mlangoni, akigeuka, akikaribia kiti, akiitwa kwa haraka.

Malizia na hofu. "Kuna jambo umeacha kulifanya kwa kuogopa kuanguka?" Hofu humfanya mtu akae, miguu ikalegea kwa kukaa, na hatari ikaongezeka. Kuna dodoso la maswali 16 liitwalo FES-I, ambalo alama zake huanzia 16 hadi 64, likiwa na faida ya kukuonyesha ni shughuli gani hasa zinamtisha. Aliye na hatari kubwa lakini haogopi chochote naye anahitaji jicho la karibu, pengine kuliko mwoga.

Hatua ya 2: Presha akilala na akisimama

Ifanye kabla ya majaribio ya kusimama. Mlaze chali dakika 5, pima. Msimamishe, pima tena dakika ya kwanza na dakika ya 3. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, hilo ni tatizo la kuandika na kumpa taarifa daktari. Ugonjwa wenyewe huharibu mishipa ya fahamu inayorekebisha presha, na dawa zake nazo huishusha.

Usisubiri aseme ana kizunguzungu. Wengine husikia ukungu machoni, udhaifu wa miguu, au maumivu ya shingo na mabega yanayokuja akisimama na kupoa akilala. Namba ikishuka sana au akijisikia vibaya, mlaze na uahirishe majaribio mengine. Na asiache dawa yoyote kwa shauri lako, kwani mabadiliko hayo ni ya daktari wake.

Hatua ya 3: Mwendo wa mita 4, na hesabu ya mambo matatu

Weka alama mbili sakafuni zilizoachana mita 4. Aanze kutembea mita moja au mbili kabla ya alama ya kwanza na apitilize ya pili, ili mwendo unaoupima uwe wake wa kawaida, siyo wa kuanza wala wa kusimama. Mwambie atembee anavyotembea siku zote. Akitumia zaidi ya sekunde 3.6, mwendo wake uko chini ya mita 1.1 kwa sekunde.

Sasa unazo habari tatu zinazotosha kukadiria hatari kwa njia iliyochapishwa mwaka 2013, ambayo mimi naipenda kwa sababu haihitaji mashine wala fomu ndefu:

- Ameanguka katika miezi 12 iliyopita: alama 6
- Ameganda katika mwezi uliopita: alama 3
- Mwendo wake uko chini ya mita 1.1 kwa sekunde: alama 2

Jumla ikiwa 0, uwezekano wa kuanguka katika miezi 6 ijayo ni mdogo, kama asilimia 17. Alama 2 hadi 6 ni hatari ya kati, kama asilimia 51. Alama 8 hadi 11 ni hatari kubwa, kama asilimia 85. Tazama vizuri: hata "hatari ndogo" ni karibu mtu mmoja kati ya sita. Usimwambie mgonjwa yeyote wa Parkinson kwamba hataanguka.

Njia hii hukwambia nani yuko hatarini. Haikwambii kwa nini, na ndiyo sababu tunaendelea.

Hatua ya 4: Kuinuka, kwenda, kugeuka

Jaribio la TUG (Timed Up and Go, yaani kuinuka na kwenda kwa kuhesabiwa muda) ni rahisi. Mgonjwa ameketi. Unasema "haya," anainuka, anatembea mita 3 hadi kwenye alama, anageuka, anarudi na kuketi. Mwache ajaribu mara moja bila kuhesabiwa. Kwa wenye Parkinson, muda wa kuanzia kama sekunde 11.5 kwenda juu ni wa kukutia wasiwasi.

Lakini macho yako yasibaki kwenye saa. Simama kando, karibu na ile alama ya mita 3, utazame anavyogeuka. Mtu asiye na tatizo hugeuza kichwa, mabega yakafuata, kisha nyonga, na miguu ikapiga hatua mbili tatu. Mgonjwa hugeuka mzima mzima, kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Hatua zinakuwa nyingi na fupi, nyayo zinasogea bila kuinuka vizuri, na mguu wa ndani unaweza kubaki umekwama huku kifua kimeshageuka. Hesabu hatua hizo. Tazama pia kurudi kitini: je, anageuka mpaka anauhisi ukingo wa kiti nyuma ya magoti, au anajitupa akiwa bado hatua moja mbali? Wapo wanaopata sekunde nzuri na kugeuka kubaya, na hao ndio namba huwaficha.

Rudia jaribio ukimpa kazi ya pili: abebe glasi ya maji, au atembee akitoa 3 kutoka 100 kwa sauti. Andika muda wa kila mara na jambo alilolitupa. Wengine husimama kabisa ili wahesabu. Wengine hupunguza mwendo. Wengine huendelea kuhesabu vizuri huku miguu ikipepesuka, na hao ndio wa kuhofia zaidi, kwa sababu akili yao imechagua hesabu badala ya usalama.

Kisha pima nguvu za miguu kwa kumtaka ainuke kitini na kuketi mara 5 mfululizo, mikono ameikunja kifuani. Zaidi ya sekunde 16 huendana na hatari ya kuanguka. Akishindwa kabisa bila mikono, andika hivyo hivyo. Hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 5: Kumvuta mabega kutoka nyuma

Hapa unapima kama mwili unajiokoa. Ni jaribio la sekunde moja ambalo hufanywa vibaya mara nyingi, kwa kuvuta kwa huruma. Mvuto dhaifu haupimi kitu.

1. Simama nyuma ya mgonjwa, wewe ukiwa na ukuta mgongoni kwako, na uache nafasi ya kutosha yeye kurudi hatua kadhaa. Asiwe mzito kuliko unavyoweza kumdaka. Kama ni mzito, mwenzako asimame upande.
2. Mgonjwa afumbue macho, miguu iachane kidogo, asimame wima. Mweleze: "Nitakuvuta mabega kwa ghafla. Ruhusa kurudi nyuma hatua, usianguke. Nitakudaka."
3. Mvute polepole mara ya kwanza, kama mazoezi. Hiyo haihesabiwi.
4. Mara ya pili vuta kwa ghafla na kwa nguvu ya kutosha kumlazimisha apige hatua. Akiinama mbele kukusubiri, mwambie asimame sawa, ungoje kidogo, kisha vuta.
5. Hesabu hatua.

Kwa MDS-UPDRS, kipimo cha kupima ukali wa Parkinson, akijizuia kwa hatua 1 au 2 anapata 0. Hatua 3 hadi 5 ni 1. Zaidi ya 5 lakini amejizuia mwenyewe ni 2. Anayesimama vizuri ila akivutwa hajibu kabisa, angeanguka usingemdaka, ni 3. Anayepoteza msawazo hata bila kuguswa, au kwa kuguswa kidogo tu, ni 4. Kuharibika kwa uwezo huu ndiko kunakomfikisha mgonjwa ngazi ya 3 katika mpangilio wa ngazi za ugonjwa wa Hoehn na Yahr wa mwaka 1967, na kuanzia hapo mpango wa kuzuia kuanguka si wa kusubiri.

Usilifanye kwa aliyevunjika nyonga karibuni, mwenye maumivu makali ya mgongo, au ukiwa peke yako na mtu usiyemmudu. Njia mbadala ni kumweka aegemeze mgongo wake kwenye viganja vyako, ukamshikilia, kisha ukaondoa mikono ghafla. Nguvu ya jaribio hutoka kwenye uzito wake mwenyewe, kwa hiyo matokeo hayategemei sana mkono wa mpimaji.

Hatua ya 6: Kuitafuta hali ya kuganda

Kuganda hupenda kujificha mbele ya mpimaji. Kuitoa, mwambie azunguke mduara kamili pale aliposimama, haraka anavyoweza kwa usalama, kulia kisha kushoto. Hilo huiamsha kuliko kutembea moja kwa moja. Mpitishe pia mlangoni, kati ya viti viwili vilivyokaribiana, na umwongeleshe akiwa anatembea.

Akiganda, usimvute mkono wala kumsukuma. Ukivuta, kiwiliwili kitakuja na miguu itabaki. Mwambie: simama, vuta pumzi, nyooka, hamishia uzito mguu mmoja, kisha piga hatua kubwa na mguu wa pili. Weka wayo wako mbele yake auvuke. Andika kama kitu hicho cha kuvuka kilimsaidia, kwani ndicho kitakuwa tiba yake kesho.

Ukiwa na muda wa kutosha, ongeza kipimo cha msawazo kiitwacho Mini-BESTest. Kina vipengele 14 na alama 28, na kinagusa kujiokoa, kutembea na kazi mbili kwa pamoja. Kipimo cha msawazo cha Berg chenye alama 56 kinajulikana zaidi, lakini mgonjwa wa mapema anaweza kupata karibu alama zote na bado akaanguka, kwa hiyo nakiona kinafaa zaidi kwa aliyeathirika sana.

Mambo ya pembeni yasiyo ya pembeni

Haya yapitie haraka lakini usiyaruke: macho (na miwani ya lenzi mbili inayovuruga kuona ngazi), ganzi ya nyayo, viatu vinavyovulika, dawa za usingizi, dawa za presha, mara anazoamka usiku kukojoa, uwezo wa kukumbuka na kufuata maelekezo, na historia ya kuvunjika mifupa. Aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo anahitaji mifupa yake ichunguzwe. Ukiweza kumwona nyumbani kwake, fuata njia yake ya kutoka kitandani hadi chooni, taa zikiwa kama zinavyokuwa usiku.

Andika jibu, usiandike alama tu

Ripoti nzuri inasomeka hivi: "Huanguka kinyumenyume akivuta mlango wa kabati, saa moja kabla ya dozi ya jioni. Alama 8 kati ya 11. Akivutwa hujizuia kwa hatua 6. Presha haishuki. Haonekani kuganda." Anayesoma hapo anajua pa kuanzia: afundishwe kusimama kwa upande, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kabla ya kuvuta mlango, afanye mazoezi ya nguvu za miguu na ya kupiga hatua za kujiokoa, vitu vya kila siku vishushwe kutoka rafu za juu, daktari atazame upya saa za dawa. Kama tatizo lingekuwa kuganda, mpango ungekuwa mistari sakafuni na mdundo wa kutembelea. Kama lingekuwa presha, ungeanza kwa daktari.

Yapo mambo ya kumpeleka kwa daktari bila kungoja miadi: kuanguka kwa kupoteza fahamu, kugonga kichwa, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kushindwa kukanyagia mguu baada ya kuanguka, na kuanza kuanguka ghafla ndani ya siku chache, maana mara nyingi nyuma yake kuna maambukizi, kama ya njia ya mkojo, au dawa mpya. Mgonjwa anayeanguka mara kwa mara kwa kukosa msawazo ndani ya miaka 3 ya mwanzo naye arudishwe kwa mtaalamu, kwa sababu huenda ugonjwa si Parkinson bali mwingine unaofanana nao.

Mpime tena baada ya miezi 6, au mapema zaidi akianguka au dawa zikibadilishwa. Iwe saa ileile baada ya dozi, viatu vilevile, kiti kilekile. Katikati ya hapo familia iwe na daftari karibu na dawa: tarehe, saa, mahali, alikuwa anafanya nini, alimeza dozi saa ngapi. Waandike na mara alizoponea, hata kama mwenyewe anasema alikaa chini tu.